Je, wajua? Suruali ya fundi wa chensoo imetengenezwa ichanike

Mafundi wanaokata miti kitaalamu, iwe kwenye misonobari ya Sao Hill kule Mufindi au mjini wakipunguza matawi yaliyolalia nyaya za umeme, wakivaa inavyotakiwa utawaona na suruali fulani nene, mapajani imetuna kama imetiwa godoro. Ni ya kukinga mguu usiliwe na chensoo, ule msumeno wa mashine wenye mnyororo wa meno (Kenya wanaiita pawasoo). Sasa inakingaje? Mimi miaka yote nilikuwa na jibu na nililisambaza kwa watu: ndani kuna kitambaa kigumu balaa, kitu kama fulana ya kuzuia risasi, meno ya msumeno yanakwangua tu yanashindwa kupita. Sio kweli hata kidogo, yaani nilikuwa nimelipindua jambo lote juu chini.

Nilikuja kujua siku fundi mmoja alipokuja kukata mwarobaini kwa jirani yetu, akatoa kwenye begi suruali yake ya zamani iliyowahi kuguswa na mnyororo. Pajani ina mpasuko kama upana wa kiganja na hapo zinamwagika nyuzi nyeupe ndefuuu, laini, unazivuta na bado zinakuja. Nikamuuliza, fundi, mbona imechanika na ulisema ni ya kinga? Akanijibu, "Kaka, hiyo isingechanika nisingekuwa na mguu."

Ngoja nieleze taratibu maana hapa ndipo penyewe. Mnyororo wa chensoo unazunguka kwenye baa, kile chuma bapa kirefu, na unaovuta ni sproketi iliyojificha ndani ya kifuniko karibu na injini, ni kama sproketi ya pikipiki tu. Kasi yake inaweza kufika mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi barabara kuu. Ukichelewa nusu sekunde kushtuka, mita 10 za mnyororo zimeshapita mahali pale pale. Risasi inagonga mara moja basi, ila mnyororo unakuja jino baada ya jino na kila moja linang'oa kidogo, kwa hiyo kitambaa kilichokazwa na kutulia sehemu moja kinawapa meno nafasi nzuri kabisa ya kukikata. Nyuzi za aina ya Kevlar, zile ngumu za fulana ya kuzuia risasi, zipo kweli kwenye baadhi ya suruali hizi, nyingine ni poliesta au nailoni, lakini uimara wa uzi peke yake sio unaookoa.

Kinachookoa ni kwamba nyuzi ziko legevu. Chukua mvuvi pwani, boti ya mashine inapita juu ya nyavu. Pangaboi ni chuma na nyavu ni uzi, ukiwapambanisha uso kwa uso nyavu haina chake, lakini nyavu haishindani nayo, inafuata tu mzunguko, inajisokota mara tatu mara nne kwenye shafti na mashine inazima. Au kanga ya abiria wa bodaboda ikinaswa kwenye cheni, wote tunajua gurudumu linavyogoma ghafla. Suruali inafanya hivyo hivyo kwa makusudi. Jino likipasua kitambaa cha juu linakuta matabaka ya nyuzi ndefu ambazo hazijabanwa, linazinasa, linazivuta, mnyororo wenyewe unazibeba mpaka kwenye sproketi na pale zinajazana na kujisokota hadi haina pa kuzungukia, mnyororo unasimama ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Yaani msumeno unazimwa na nguvu zake wenyewe! Mimi hiki kitu kinanifurahisha kila nikikifikiria.

Ina mipaka yake lakini. Viwango vya kimataifa, zamani EN 381 ya Ulaya na sasa ISO 11393, vinazipanga suruali kwa kasi ya mnyororo zilizopimiwa maabara: daraja 0 ni mita 16 kwa sekunde, daraja 1 ni 20, daraja 2 ni 24 na daraja 3 ni 28. Misumeno mikubwa ikiachiwa mafuta yote inaweza kupita 20, kwa hiyo daraja 1 sio dhamana ya kila hali. Halafu kuna za umeme. Chensoo ya petroli ina klachi, sproketi ikikwama klachi inateleza, lakini mota ya umeme ina nguvu kubwa ya kuzungusha hata kwenye kasi ndogo na inaweza kuendelea kuburuza, ndio maana suruali nyingine zimeandikwa kabisa kwamba huenda zisisaidie kwa misumeno ya umeme. Kuna pia aina A, yenye kinga mbele tu, na aina C inayozunguka mguu wote, na anayening'inia juu ya mti kwa kamba huku miguu imekaa pande zote nadhani anaelewa haraka kwa nini C ipo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni fundi cherehani. Ukinunua suruali hii kwenye mitumba ikakupwaya, usiipeleke ikapunguzwe mapajani, tafadhali sana, maana mshono ukipita kwenye zile nyuzi umezifunga, hazitavutika tena, umebaki na suruali nzito ya kawaida. Hata mpasuko uliofika ndani haushonwi. Pasi ya moto inayeyusha, jiki inadhoofisha nyuzi za jamii ya Kevlar, na ikilowa oili muda mrefu bila kufuliwa nyuzi zinagandana. Kabla ya kulipa angalia lebo, inatakiwa iwe na alama ya ngao yenye picha ya chensoo ndani pamoja na daraja lake.

Na ile ya fundi wetu? Alisema alifungua kifuniko, akakaa anachomoa nyuzi kwenye sproketi kwa koleo, akawasha, chensoo ikanguruma kama kawaida. Suruali ndiyo hakuivaa tena.