Sanamu imepasuka tanurini? Acheni kuisingizia hewa

Kichwa cha udongo kikilipuka tanurini, hukumu ni ileile: "Hukukanda vizuri, hewa imebaki ndani." Walimu wanaikariri, wanafunzi wanaimeza. Jamani, ni maji!

Hewa iliyofungiwa, ikipashwa moto kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 600, shinikizo lake hupanda kama mara tatu tu, na vitundu vya udongo mkavu huipitisha. Maji yakigeuka mvuke hudai nafasi mara 1,600 hivi zaidi. Mahali panene huwa na unyevu na viputo pia, ndiyo maana hewa hushikwa ugoni.

Na sanamu za kufanana na mtu ndizo zenye unene wa kificho. Shavu lina sentimita mbili, lakini kidevu, mzizi wa pua na nyuma ya masikio, unakobandika udongo tena na tena ukiwinda sura, zinafika tano. Nje pameshapauka, katikati bado pabichi. Kwa hiyo udongo ukishikamana lakini bado unakubali kisu, kata utosi kwa waya, komba ndani hadi unene uwe sentimita moja na nusu au mbili kila mahali, kwaruza kingo, paka uji wa udongo uleule, rudisha utosi. Nondo ya ndani iliyokuwa ikishikilia udongo itoke mapema: udongo hunywea, chuma hakinywei, shingo itachanika.

Ukavu hupimwa kwa kugusisha sanamu shavuni mwako: ikiwa baridi, bado. Kipimo hiki hudanganya penye unene, kwa hiyo usikiamini peke yake. Shikilia tanuri kwenye nyuzi 80 hadi 90 usiku kucha, matundu yake wazi. Kioo kikiwekwa mbele ya tundu kikipata ukungu, subiri.

Na kichwa chenye uwazi ndani kilichozibwa, kitobolewe tundu chini? Mafundi hawaelewani. Kilichokauka sawasawa huweza kuiva salama bila tundu. Mimi natoboa hata hivyo, kwa sababu ndani ya uwazi uliozibwa unyevu hukawia, na kujua umekauka ni kubahatisha.

Kukanda kuendelee, ila kwa sababu yake halisi: udongo usio sawa hunywea visivyo sawa, na kiputo hupenda kujitokeza kwenye kope, kisu kikiwa kinamalizia.