Msuli haujui kusukuma

Mlango wa feri ya Likoni ukishafunguliwa upande wa kisiwani Mombasa, jitenge kando kidogo uwatazame mahamali wa mikokoteni. Mlima ule mfupi ambao sisi huupanda mikono mitupu na bado tukahema, wao huupanda na magunia ya nazi. Mmoja yuko mbele baina ya mipini, wawili nyuma wamejilaza juu ya mzigo kwa mikono na kifua, mashavu ya miguu yametuna kama yametiwa mawe.

Ukiulizwa wale wa nyuma wanafanya nini, utasema wanasukuma. Na mkokoteni unasukumwa kweli. Ila mwilini mwao hakuna msuli hata mmoja unaosukuma. Msuli umejaliwa kazi moja tu: kujifupisha ili uvute mfupa ulioshikana nao kwa kano, kisha ulegee. Shavu la mbele la mkono likivuta, mkono unakunjika. Ukitaka kuunyoosha, msuli wa nyuma ya mkono ndio uvute kutoka upande wa pili wa kiwiko. Ndiyo maana mingi imepangwa kwa jozi zinazopingana. (Nazungumzia msuli wa mwilini, si ule wa kujifunga kiunoni jioni ukakaa barazani.)

Elimu inayochunguza haya, yaani mwili unafanyaje kazi ukitumikishwa na unabadilikaje ukizoea, huitwa fiziolojia ya mazoezi. Jina lina harufu ya jimu na viatu vya bei, lakini kwangu mimi hamali ni mfano bora kuliko mnyanyua vyuma.

Chukua kamba ya makumbi uifumue. Utakuta imesokotwa kwa kamba ndogo, na hizo kwa nyuzi. Msuli nao ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja, nyembamba kama unywele, ila yaweza kufika urefu wa sentimita kadhaa. Ndani ya uzi kuna viuzi vidogo zaidi, navyo vimegawika pingili pingili mfano wa muwa. Pingili moja huitwa sarkomea, na ni ndogo mno: ukizipanga kama 400 ndipo upate milimita moja.

Humo ndimo mvuto unamozaliwa. Kuna protini mbili zilizolala sambamba, aktini nyembamba na mayosini nene yenye vichwa vingi. Neva ikileta amri, madini ya kalisi (kalsiamu) humwagika ndani ya uzi, na vile vichwa hushika aktini, vikavuta, vikaachia, vikashika mbele zaidi. Ni mabaharia wa jahazi wakipandisha foromali, mkono baada ya mkono. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani protini zenyewe ndizo hujikunja. Mwaka 1954 makundi mawili, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine, yalionyesha kwamba protini hizo hazifupiki: zinapitana tu. Hao akina Huxley wawili, kwa taarifa yako, hawakuwa ndugu.

Sasa jambo ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Kichwa cha mayosini kikishashika, hakiachii mpaka kipate chembe ya ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumika papo kwa papo mwilini. Kiumbe akifa, ATP humwishia, vichwa vikabaki vimeng'ang'ania. Kwa hiyo samaki uliyemkuta sokoni amekakamaa kama ubao, mkia hauinami, misuli yake imekwama katikati ya kuvuta. Baadaye hulegea, lakini ni kwa sababu protini zimeanza kuharibika.

Ukiwa hapohapo mbele ya meza ya samaki, linganisha jodari na tewa. Jodari anaogelea mchana na usiku bila kutua. Nyama yake ni nyekundu, imejaa mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni. Tewa hujificha pangoni, akaruka mara moja kukamata windo, akarudi. Nyama yake nyeupe. Sisi binadamu tuna nyuzi za aina zote mbili, zimechanganyika ndani ya msuli mmoja: za polepole zisizochoka upesi, na za kasi zinazochoka mapema.

Mlima wa feri huzitumia zote. ATP iliyomo msulini ni ya sekunde chache tu. Akiba ya fosfokreatini, kemikali ya msulini inayoiunda ATP upya haraka, huongeza hadi kama sekunde kumi, kisha sukari huvunjwa bila kungoja oksijeni, na kazi ikiendelea, pumzi na moyo ndivyo hubeba mzigo. Archibald Hill, Mwingereza aliyegawana Nobeli ya mwaka 1922 na Otto Meyerhof wa Ujerumani, alipima jambo hili kwa kukimbia, yeye mwenyewe akiwemo, na mfuko wa kukusanyia hewa mgongoni. Aliona matumizi ya oksijeni hupanda na kasi hadi kikomo, na hapo hayapandi tena. Asidi laktiki inayotokana na ile sukari iliyovunjwa bila oksijeni, ambayo wengi huilaumu kwa maumivu ya kesho yake, huwa imeshaondoka muda mfupi baada ya kazi. Yale maumivu hutokana na vijeraha vidogo ndani ya nyuzi.

Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua maabara ya kuchunguza uchovu, chini ya jengo la shule ya biashara. Walitaka kujua mfanyakazi anachoka vipi, na hata wakaenda kwa wajenzi wa bwawa la Hoover kupima jua na jasho vinavyowafanya nini. Maana robo tu ya nishati inayotumiwa na msuli, au pungufu ya hapo, ndiyo hugeuka kuwa kazi. Nyingine yote ni joto, na joto hilo huondoka hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Kwetu mwezi wa Machi, kaskazi inapokufa na hewa imeshiba maji, jasho halikauki, linatiririka tu. Ndipo utawaona mahamali, wakishafika juu, wanaegesha mkokoteni kivulini na kujimwagia maji kichwani kabla ya kushika njia ya soko la Marikiti.