Bunduki ya nyati kwa mfuko mdogo: pesa iende wapi

Msimu wa uwindaji Tanzania hufunguliwa Julai, kwa hiyo tangu mwanzo wa mwaka mimi huanza kupokea wateja wenye swali moja: "Fundi, nikikuletea mtambo wa zamani, utanitengenezea bunduki ya nyati bila mimi kuuza shamba?" Inawezekana. (Mtambo ni moyo wa bunduki: chuma cha nyuma ya mtutu kinachopakia na kufyatua risasi.) Ila bunduki utakayoondoka nayo huenda isifanane na ile uliyokuwa ukiiota.

Sheria kwanza, na nitaipitia mbio. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Wa ndovu ulikuwa umeshafungwa tangu 1973. Mkenya mwenye bunduki kubwa leo kwa kawaida ni mtu wa klabu ya shabaha, au ni wa kuvuka Namanga na vibali vya nchi zote mbili mkononi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti na anayeishughulikia awe amesajiliwa. Kukereza mtutu au mtambo wako mwenyewe kwenye karakana ya jua kali ni jinai, hata fundi awe na mikono ya dhahabu. Nikisema kujenga bunduki, nina maana ya kuunganisha na kurekebisha sehemu zilizoingia nchini kihalali, namba zake zikisomeka. Na cheti hakirithiwi: kama babu amekuachia bunduki, malizana na Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujapiga hodi kwangu.

Bunduki hizo za mababu bado zipo, na sishangai. Nairobi ndiyo iliyokuwa makao ya kazi hii. Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja 1909 na mwanawe Kermit alikuwa na bunduki ya mitutu miwili kutoka kwa mafundi wa London, Holland & Holland, pamoja na Winchester ya kaliba ya .405 (kaliba ni upana wa tundu la mtutu, takriban kwa inchi). Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kilianzishwa hoteli ya Norfolk mwaka 1934, kikavunjwa marufuku ilipokuja. Picha za enzi hizo ndizo zinazowaharibia wateja wangu hesabu, kwa sababu wote wanataka mitutu miwili. Mpya kutoka London hupita pauni 100,000, na sehemu kubwa ya bei hiyo haiko kwenye nakshi. Iko kwenye kazi ya kuipatanisha mitutu ili risasi zote mbili zitue mahali pamoja: fundi anapiga, anayeyusha lehemu laini inayoshika mitutu, anaisogeza kidogo, anapiga tena. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kwa mfuko mdogo, sahau mitutu miwili, twende kwenye boliti, yaani bunduki ya mtutu mmoja inayopakiwa kwa kusukuma na kuvuta komeo kwa mkono.

Hapa ndipo ninapobishana na watu. Mteja huja ameshachagua kaliba, mti wa kitako na hata herufi za jina lake zitakapochorwa. Hajafikiria jinsi bunduki inavyokula risasi. Mimi pesa ya kwanza naiweka hapo.

Mtambo alioubuni Paul Mauser na kuukamilisha mwaka 1898 una kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa boliti. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, ukingo wa ganda lake unapanda chini ya kucha hiyo na kushikwa, ikasindikizwa hadi ndani ya chemba, chumba chake nyuma ya mtutu. Ukisita katikati ukarudisha boliti, unarudi nayo. Mitambo mingine huisukuma risasi mbele ikiwa huru, na kucha hulishika ganda mwishoni kabisa. Kwa swala mita 200 mbali hutaona tofauti. Nyati aliyejeruhiwa akitoka kichakani, mtu husukuma boliti nusu kwa kihoro, anairudisha, anasukuma tena, na risasi mbili zinagombea mlango mmoja. Ndiyo maana natafuta Mauser, Winchester Model 70 za kabla ya 1964 au za baadaye zilizorudishiwa kucha, Ruger Hawkeye, CZ 550 au Zastava. Nyingi kati ya hizi hupatikana zikiwa zimetumika, na mikwaruzo ya nje haidhuru chochote.

Tahadhari kwa wapenda mitambo ya jeshi. Mauser ya kawaida ya kijeshi magazini yake ni ya milimita 84 hivi, na risasi ya .375 Holland & Holland ina urefu wa 91. Kuna wanaoiingiza kwa kula chuma cha mbele, pale risasi inapopandia, lakini chuma hicho ndicho kinachobeba jino la chini la boliti, linaloizuia isirudi nyuma risasi inapolipuka. Unachimba msingi ili upate dirisha. Enfield za P14 na M1917 za Vita Kuu ya Kwanza ni ndefu na nene, na nyingi ziligeuzwa kuwa .375 na hata .416 Rigby. Hizo nazo baadhi zilikazwa mtutu kiwandani kupita kiasi, zikapata ufa wakati wa kufunguliwa. Bila kupimwa nyufa, siinunui hata kwa bei ya kutupa. Rahisi hugharimu.

Mtambo ukipatikana, kazi ni ya subira. Natumia risasi bubu, zisizo na baruti wala fataki, zenye umbo lilelile la risasi utakayowindia. Nazipaka maka peni nyeusi kuanzia ncha hadi begani, najaza magazini, nasukuma boliti polepole sana, kisha natoa na kutazama wino umekwanguliwa wapi. Mstari mwembamba chini ya ncha ni kawaida. Doa pana upande mmoja maana yake mdomo wa magazini unaiachia risasi mapema upande ule. Kovu la mviringo kwenye ncha linaonyesha inagonga chini ya mteremko wa kuingilia chemba badala ya kuupanda. Nasugua kidogo kwa jiwe laini, narudia. Nasugua kidogo kwa sababu midomo ya magazini ikiliwa zaidi ya kiasi hairudi. Kisha najaribu mbio, najaribu bunduki ikiwa imelala ubavu, najaribu ikiwa juu chini. Na ya mwisho kwenye magazini lazima iingie laini kama ya kwanza, maana springi hapo imelegea. Siku nzima inaweza kuishia kwenye vumbi la chuma lisilojaza kijiko, na mteja akiuliza analipia nini nampa boliti aisukume mwenyewe.

Kitako ndicho mahali pa pili pa pesa, na simaanishi uzuri. .375 yenye uzito wa kilo nne na kidogo hurudi nyuma kwa nguvu mara mbili hivi ya .30-06, na .458 huongeza juu ya hapo. Nguvu hiyo yote inapita kwenye pembe moja ndogo ya chuma chini ya mtambo inayoegemea mti. Isipoegemea sawasawa, mti unapasuka pale mkono unaposhika. Ili kujua chuma kinagusa wapi, napaka masizi ya koroboi kwenye chuma, nakilaza ndani ya mti, nakiinua; palipoingia weusi ndipo patakapokatwa. Ni njia ya zamani ya mafundi wa Kiingereza, na mafuta taa hayajawahi kunishinda bei. Baadaye kitanda cha gundi ya epoksi nyuma ya ile pembe, skrubu mbili za kupita mti kwa ubavu, na mwanya mwembamba nyuma ya mkia wa mtambo ili chuma kisiwe kabari.

Mti wenyewe? Mjozi wenye nyuzi zilizonyooka hapo mkononi unatosha, na ule wenye mawimbi ya kupendeza mara nyingi ndio unaopasuka. Kitako cha mbao za tabaka ni kizito, kibaya kwa sura, na bei yake ni nzuri. Ningekuwa mimi ningechukua hicho. Kuna waliokuja na mpingo. Mpingo unazama majini, ndugu zangu. Tuutumie kwa kipande cha nchani, basi.

Kaliba sitaikawiza. Tanzania wanataka angalau .375 kwa wanyama hatari, na .375 Holland & Holland ya 1912 bado ndiyo ninayompendekezea mtu wa bunduki moja: risasi ya gramu 19, kasi ya mita 760 hivi kwa sekunde, na maduka mengi ya risasi Afrika wanaijua. Kama mtambo wako ni mfupi, .375 Ruger ya 2007 inaingia bila kuchimba chochote, ila kuipata porini mizigo ikipotea ni bahati nasibu. .416 Rigby ni tamu, ina shinikizo la chini linalofaa joto letu, lakini inadai mtambo mkubwa na ganda la bei. Walter Bell, yule mwindaji wa zamani wa Karamoja, aliangusha ndovu wengi kwa .275 kwa sababu alijua risasi iingie wapi. Sisemi umwige, sheria hairuhusu. Nasema milimita mbili za kaliba hazitakufidia bega linaloogopa.

Vilenga viwe vya chuma, pana kwa nyuma, na shanga kubwa nyeupe mbele, ya plastiki au enameli. Pembe ya ndovu ya mitindo ya zamani ni kesi mahakamani. Juu yake darubini ya nguvu ndogo, 1 hadi 4, yenye vishikizo vya kutoka haraka, na jicho lako likae angalau sentimita tisa nyuma yake la sivyo utarudi Nairobi na alama ya nusu mwezi juu ya nyusi. Pete ya mkanda ifungwe kwenye mtutu, mbele ya mkono. Ikiwa kwenye mti itakukata kidole.

Ukijumlisha yote haya utaona nilikoelekea. Mtutu mpya, mtambo wa kununua peke yake, kitako tupu na saa za fundi mara nyingi hupita bei ya Ruger au CZ kamili iliyotumika. Kwa hiyo "bunduki maalumu" ninayoijenga mara nyingi ni hii: ya kiwandani, ya kaliba sahihi, imesuguliwa hadi inakula vizuri, imelazwa upya kwenye kitako, kitako kimekatwa kwa kipimo cha mwenyewe, na vilenga vimebadilishwa. Haina cha kujivunia ukumbini. Fedha inayobaki inunue risasi za mazoezi na saa nyingi na bunduki ndogo ya .22 ukiwa umesimama, kwenye fimbo tatu za kuegemezea bunduki, si mezani.

Ukija kupimwa, njoo na cheti, miwani yako kama unavaa, na koti lilelile utakaloingia nalo porini. Urefu wa kitako hupimwa juu ya koti.