Grafiki za kupigania haki ni nini?

Ukitaja mtu wa grafiki Dar es Salaam, wengi watafikiria kadi ya harusi, bango la mgombea au nembo ya duka la vipodozi. Grafiki za kupigania haki hutumia ufundi uleule wa kupanga maneno, rangi, picha na nafasi tupu ili ujumbe ufike. Kinachobadilika ni mwenye kazi na anachokitaka. Tangazo la soda linataka ununue. Bango la haki linataka ujue unachostahili, ukutane na wenzako, kisha mfanye jambo.

Mfano wenye nguvu kuliko yote jijini, kwa maoni yangu, umetoka upande wa wenye mamlaka: ile X nyekundu ukutani. Haina maelezo wala nembo, lakini aliyeishi bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, au kando ya Barabara ya Morogoro kule Kimara mwaka 2017, hahitaji kufafanuliwa. Nyumba inavunjwa. Herufi moja, rangi moja, mtaa mzima umeelewa. Na wakazi hujibu kwa nini? Mara nyingi kwa barua ndefu ambayo hata majirani hawajaisoma.

Hapo ndipo mbunifu anapohitajika. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka anayeondolewa kwenye ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo yanaweza kugeuzwa kuwa karatasi moja ya A3: nyaraka za kutunza, picha za kupiga kabla mthamini hajafika, maswali ya kumuuliza, siku na mahali pa kikao. Ibandike ofisi ya serikali ya mtaa, gengeni na kijiweni kwa bodaboda. Lakini isidanganye. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara anaweza kuambiwa hana chake, na bango linalomwahidi fidia litamvunja moyo mara mbili.

Historia ina mifano mingi. Mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis, Marekani, waligoma baada ya wenzao wawili kufa kwa kubanwa na mtambo wa gari la taka. Mabango yao yalisema, kwa maana ya Kiswahili, "Mimi ni mtu". Hayakuwa na picha hata moja. Mwaka huohuo mjini Paris, wanafunzi na wafanyakazi walichapa mabango kwa skrini, yaani kitambaa cha kwenye fremu kinachopitisha wino, katika chuo cha sanaa, wakijadili kila wazo kikaoni kabla ya kulichapa. Hawakuweka majina yao. Nalipenda sana hilo, maana siku hizi kuna mabango ya jamii ambayo nembo za wafadhili zimekula nafasi kuliko ujumbe wenyewe.

Ramani nayo ni grafiki. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar kuchora mitaa inayofurika: mifereji, njia za miguu, nyumba. Mtaa ambao kwenye karatasi za mipango ulikuwa doa tupu ukaonekana. Mkazi anayeonyesha kwa kidole mfereji ulipoziba ni vigumu kumpuuza kuliko anayelalamika tu kwamba maji yamejaa.

Kipimo cha kazi hizi, basi, si uzuri wa skrini ya kompyuta. Je, bango linasomeka kutoka dirisha la daladala? Likitolewa kopi nyeusi na nyeupe steshenari bado linaeleweka? Na anayetazamwa pichani ameridhia? Picha ya mama analia mbele ya kifusi huvuta huruma haraka, lakini yeye atabaki hapohapo mtaani, akitambulika na kila apitaye, wakati mbunifu amesharudi kwake. Mara nyingi ni bora kuchora.

Jambo la mwisho ni faili. Libaki kwa kikundi, katika muundo unaofunguka kwenye simu, kwa sababu tarehe ya kikao ikihamishwa ghafla, atakayeibadilisha ni katibu, usiku, na bando lililobaki ni dogo.