Nola: jimbo lililoanzia kaburini

Ninapofundisha historia ya Kanisa la kale, wanafunzi hutaka orodha ya maaskofu: nani wa kwanza, nani akafuata. Tukifika Nola, katika mkoa wa Campania kusini mwa Italia, mimi huanza na padri aliyeukataa uaskofu.

Padri huyo ni Felix, mtoto wa Msiria aliyelowea Nola, na aliishi karne ya 3. Wakristo walipoanza kusakwa, askofu wao mzee, Maximus, alikimbilia milimani, njaa na baridi vikamlaza hoi. Felix alimkuta huko akambeba mabegani hadi nyumbani. Husimuliwa pia kwamba Felix alijificha kwenye gofu, buibui akatanda utando mahali pa kuingilia, waliomsaka wakapita. (Msomaji wa pwani atalikumbuka pango la Thaur, alimojificha Mtume Muhammad.) Maximus alipofariki, watu walimtaka Felix. Akakataa: Quintus alipadrishwa siku 7 kabla yake, basi apewe Quintus. Yeye akabaki kulima kishamba cha kukodi mpaka mwisho wake.

Alizikwa nje ya mji, maana sheria ya Kirumi haikuruhusu maiti ndani ya kuta. Mahujaji wakalifuata kaburi. Kitongoji kilichoota pale kinaitwa Cimitile hadi leo, jina lililotokana na neno la Kilatini la makaburi.

Haya tunayajua kupitia Paulinus, tajiri wa Bordeaux aliyewahi kuwa gavana wa Campania. Yeye na mkewe Therasia walimzika mtoto wao mchanga, wakaanza kugawa mali, na mwaka 395 wakahamia kando ya kaburi la Felix, wakiishi kitawa. Kila Januari 14, sikukuu ya Felix, alimtungia utenzi. Aliandika zaidi ya miaka 100 baada ya matukio, tena kwa mapenzi, kwa hiyo namsoma kwa tahadhari. Alijenga basilika mpya na nyumba za wageni, na takriban mwaka 409 akawa askofu. Muda si mrefu Wagothi, kabila la Kijerumani lililoongozwa na mfalme Alaric, wakaipora Nola, naye akatekwa. Alifariki Juni 22, 431.

Huulizwa mara nyingi kama ndiye aliyeanzisha kengele za kanisani. Siamini. Katika barua yake ya 32 anaeleza majengo yake mpaka michoro na maandishi ya ukutani, lakini kengele haitaji.

Kisa cha utumwa ni kigumu zaidi. Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, anasimulia kwamba Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, walimchukua mwana wa mjane, Paulinus akajitoa awe mtumwa Afrika badala yake. Ni kisa kizuri, ila tarehe zinagoma: Wavandali waliiteka Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, mwaka 439, na Roma waliipora mwaka 455. Paulinus alikuwa kaburini tayari. Wapo wanaosema ni askofu mwingine wa jina hilohilo. Kwangu hiyo ni njia ya kukwepa swali.

Watu wa Nola hawanisubiri nitoe hukumu. Kila Juni hubeba mabegani minara 8 ya mbao, mirefu kama mita 25, pamoja na jahazi linalomrudisha Paulinus kutoka Afrika.