Acha Kufagia Programu za Simu Yako

Kuzifunga programu zote kila mara hakuokoi chaji wala hakuifanyi simu iwe nyepesi. Nimelisema hili mezani kwangu miaka nenda miaka rudi, na wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa fundi mwenzangu akimshauri mteja "awe anazifunga zilizobaki nyuma kila akimaliza." Fundi kabisa! Basi naliandika, ili mteja ajaye nimpe asome wakati nambadilishia kioo.

Tuanze na ile orodha ya programu ulizotumia karibuni, ambayo watu huifagia kwa kuzisukuma nje moja moja. Wengi wanaamini kila kilichomo kinafanya kazi muda huo. Sivyo. Ni kumbukumbu ya ulikopita. Jaribu: tumia programu kadhaa, zima simu kabisa, iwashe, kisha uitazame orodha. Kwenye simu nyingi utazikuta zilezile, ilhali simu ndiyo kwanza imewaka na hujafungua kitu.

Ukitoka kwenye programu, Android huiacha imetulia ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya simu. Kukaa humo hakuli chaji ya maana, kwa sababu RAM hula karibu umeme uleule ikiwa imejaa au ikiwa tupu. Nafasi ikihitajika, mfumo wenyewe huiondoa ile ambayo hujaigusa kwa muda mrefu, bila kukuuliza. iPhone nayo ina utaratibu wake wa namna hiyo. Ukiifunga kwa mkono kisha ukairudia baada ya dakika tano, simu inaanza moja: kusoma mafaili upya, kuamsha prosesa, mara nyingi na kuvuta picha upya kwa bando lako. Ni sawa na kuumwagia maji mkaa uliokolea, halafu kidogo tu unatafuta kiberiti ubandike chai.

Wenye mifumo yao wamelisema. Mwaka 2016 mtumiaji mmoja aliandika barua pepe Apple kuuliza kama Tim Cook hufunga programu zake mara kwa mara, na kama ni lazima kufanya hivyo kwa ajili ya betri. Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, alijibu hapana kwa yote mawili. Mwaka huohuo Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiiongoza Android, aliandika Twitter kwamba kufunga kunaweza hata kuidhoofisha chaji kidogo.

Lakini chaji si hasara kubwa. Hasara kubwa iko kwenye programu zinazotakiwa kufanya kazi wakati hujaishika simu. Alikuja mama mmoja, mtu mzima, analalamika programu yake ya adhana haiiti Alfajiri. Nikakagua: sauti ipo, saa iko sawa, mji umewekwa sawasawa. Nikamwomba anionyeshe anavyoiacha simu akienda kulala. Akafungua orodha, akazisukuma juu zote, adhana ikiwemo, akailaza simu kifudifudi. "Nisipozifunga zinamaliza chaji, mwanangu." Mama, hapo hapo ndipo adhana ilipokufa. Kwenye simu za watengenezaji kadhaa, kuisukuma programu nje ya orodha ni kuikomesha kabisa: haiamki mpaka uifungue kwa mkono wako, na kengele iliyojipangia inafutika. Ndiyo maana dereva wa bajaji anakaa kijiweni haoni maombi ya abiria, na muuza keki anamiminikiwa na oda za tangu asubuhi usiku akishaifungua simu.

Dawa yake: ingia Mipangilio, tafuta programu hiyo, nenda sehemu ya betri, iruhusu itumie betri bila kizuizi. Simu nyingine zina na kitufe cha kuiruhusu ijiwashe yenyewe, kiwashe. Nyingine zinakuwezesha kuiwekea programu alama ya kufuli pale kwenye orodha, ili hata ukifagia isiguswe. Fanya hivyo kwa programu mbili tatu unazozitegemea, si kwa zote.

Sasa niseme kweli ambayo vitabu hupita kimyakimya. Hata usipofagia, simu hizohizo zinaweza kuiua adhana usiku, maana mtengenezaji ameongeza udhibiti wake wa betri juu ya ule wa Android, na sasisho likija linaweza kuivuruga mipangilio uliyoiweka. Yule mama nilimwambia atege na alamu ya kawaida ya simu, kwa tahadhari. Pia kwenye simu ya RAM GB 2, kufunga gemu zito kabla ya kufungua kamera kunasaidia, nimeona kwa macho. Programu iliyoganda, ifunge. Ramani inayoendelea kukuelekeza ilhali umeshafika, ifunge. Ninachokipinga ni kufagia kwa mazoea.

Programu za "kusafisha simu" sizipi nafasi kubwa. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, programu ya kawaida ikiuomba mfumo uziue zilizo nyuma, inaweza kuziua za kwake tu. Ile duara inayozunguka na kukupongeza ni pambo, na kinachobaki ni matangazo yanayokula bando. Iondoe.

Chaji inakwenda wapi basi? Kioo kwanza. Kisha mtandao hafifu, kwa sababu simu iliyo mbali na mnara hulazimika kutuma kwa nguvu zaidi. Kisha programu ulizoziruhusu kujua ulipo muda wote. Orodha ya betri ndani ya Mipangilio itakuonyesha mwelekeo, ila asilimia zake ni makadirio: simu huzidisha muda wa matumizi kwa thamani ambazo mtengenezaji amekiwekea kila kifaa cha ndani. Ikikwambia 4, usile kiapo kuwa ni 4.

Na wepesi unaoutafuta mara nyingi uko kwenye hifadhi. Ikikaribia kujaa, simu nzima inaburuta miguu. Fungua WhatsApp, mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data: itakupangia mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Video za magrupu za mwaka juzi zimo humo. Zifute, kisha hapohapo zima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha. Usichanganye tu na vile vitufe viwili vya kwenye Mipangilio ya simu: kufuta akiba ya programu (cache) hakudhuru, kufuta data kunaweza kuondoka na mazungumzo yako yote kama hujachukua nakala.