"Prosesa" gani unayoisema?

Siku hizi kila chipu nyeusi iliyo katikati ya bodi inaitwa prosesa. Mtu anapanga bodi "yenye prosesa ya STM32F103", kisha anauliza kama toleo la pili linaweza kubaki vilevile ila prosesa iwe AM335x. Jibu ni hapana. STM32F103 ni maikrokontrola, AM335x ni maikroprosesa, na hiyo ya pili inataka bodi nyingine kabisa.

Kwa ufupi, maikroprosesa ni kitengo cha kukokotoa ambacho kumbukumbu yake kubwa hukaa kwenye chipu nyingine. Maikrokontrola ni kitengo cha kukokotoa pamoja na RAM (kumbukumbu ya kazi), flashi (kumbukumbu ya kuhifadhi programu), taima, ADC (kigeuzi cha analogi kwenda dijitali) na bandari za mawasiliano, vyote ndani ya chipu moja.

Tatizo limeanzia kwenye "maikro". Wengi hulisoma kama "dogo, dhaifu", basi maikrokontrola inaonekana ni prosesa ambayo bado haijakua. Lakini "maikro" limo kwenye majina yote mawili, na lilihusu umbo tu: mitambo iliyojaza bodi nzima ilibanwa ikaingia kwenye chipu. Intel 4004 ya mwaka 1971 haikuuzwa kama mkiwa. Ilikuja na 4001 ya ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu), 4002 ya RAM na 4003 ya kuongeza njia za kutoa. Bila ndugu hao haikuwa na la kufanya. TMS1000 ya Texas Instruments, iliyoingia sokoni mwaka 1974, ndiyo iliyobeba ROM ya baiti 1,024 na RAM ya biti 256 tumboni mwake. Kiswahili chenyewe kimelinasa jambo hili vizuri kuliko tunavyokitumia. Kuchakata ni kazi ya mkonge: majani huletwa kutoka nje, na nyuzi zikishatoka huchukuliwa. Kichakataji, yaani prosesa, nacho hivyo hivyo, lazima kiletewe. Kudhibiti ni kukishika kitu barabara kisiponyoke, na kidhibiti, yaani kontrola, kina kila kitu mkononi.

Kasi si kigezo. i.MX RT1062 ni maikrokontrola ya MHz 600, ilhali kuna AM335x za MHz 300. (RT1062 haina flashi ndani, kwa hiyo fasili yangu ya juu inapata ufa hapo. Allwinner V3s nayo inaupanua: ni prosesa, lakini MB 64 za RAM ya aina ya DDR2 zimo kwenye kasha lake.) Ukikwama, uliza kama chipu ina MMU, kile kitengo ambacho Linux ya kawaida hukitegemea kutenga kumbukumbu za programu.

Tofauti hii hugeuka gharama kwenye bodi. STM32F103C8 inataka reli (njia ya umeme) moja ya volti 3.3, kapasita ya nF 100 kwa kila pini ya umeme, VDD, moja ya µF 4.7 au 10 kwa zote, nF 10 na µF 1 kwenye VDDA, pini ya umeme wa sehemu ya analogi, na rezista ya kiloohm 10 kushusha BOOT0, pini inayoamua chipu ianzie wapi kusoma programu. Tabaka mbili za shaba kwenye bodi zinatosha, na miguu yake 48 unaichomea kwa mkono.

AM335x ya kasha la ZCZ ina vidonge 324 vya kuchomelea chini ya tumbo, vikiachana kwa mm 0.8. Inataka volti 1.1, 1.8, 3.3 na ya DDR, yaani RAM ya nje, 1.35 kama ni ya aina ya DDR3L, tena kwa mpangilio. Wakati wa kuwasha, reli ya 3.3 isiizidi ya 1.8 kwa zaidi ya volti 2, la sivyo uhai wa chipu unapungua. Ndiyo maana huwekewa chipu ya kusimamia umeme kama TPS65217. Nyaya za DDR hulinganishwa urefu juu ya tabaka la ardhi lisilokatwa popote, na kwa kawaida tabaka huwa sita. Ukikosea hapo, bodi huanza kufanya kazi, bootloda (programu ya kuanzisha mfumo) hujitokeza, halafu kerneli (kiini cha Linux) hufa ikiwa inajikunjua, na wiki nzima inaishia kulaumu programu. Asiyetaka safari hiyo hununua moduli yenye prosesa, RAM na usimamizi wa umeme tayari, akabaki kuchora bodi ya kuibeba.

Kwa hiyo kwenye orodha ya mahitaji, STM32F103 iandikwe maikrokontrola. Na kama unachokusudia ni ile Cortex-M3, kitengo cha kukokotoa kilicho ndani yake, neno "kiini" linatosha.